Mwamuzi, Mtambile

Kwanza vaa barakoa. Asiyeivaa haingii,
hata awe mtoto wa sheha.
Kishike kidonge hiki: laini kama jicho la samaki,
ndani mna rangi ya manjano.
Hakiui. Lakini ukipigwa ubavuni kwa hatua tano
utamkumbuka mama yako.

Kaka yangu Shaame alirudi kutoka Maskati na bunduki kumi na mbili,
zote za upepo,
akalikodi shamba la marehemu Bi Mkasi,
mikarafuu mikongwe, nusu imekauka vilele,
akapanga mapipa, matairi, magunia ya mchanga.
Watu wa Mtambile wakauliza: vita gani tena hivi?
Mie akanipa filimbi.
"Weye huna haya ya kumwambia mtu kweli," akasema.
Ndiyo sifa pekee niliyotakiwa.

Sheria nazisema kila asubuhi:
kikipasuka kikaacha doa kama sarafu ya mia mbili, umetoka.
Kikidunda kikaanguka kizima, u hai bado, endelea,
hata kama kimekuliza.
Maumivu si ushahidi.
Matone yaliyoruka kutoka mtini hayahesabiwi.
Bunduki yako ikipakwa, ni wewe. Kofia yako ni wewe.
Kiatu chako, kilichochungulia nje ya pipa, ni wewe.
Nyanyua mkono, sema "nimetoka," uende zako.
Maiti haongei, haonyeshi kwa kidole adui alipojibanza.
Ahera yetu ni banda la makuti na jagi la ukwaju,
na waliouana hukaa benchi moja.

Anayejifuta, siku yake imekwisha.

Kazi yangu hasa ni migongo.
Mtu hauoni wake. Huita, "Mwamuzi! Nimepigwa?"
na mchezo husimama, hata kunguru hunyamaza,
na Mbwana fundi cherehani hugeuka taratibu
kama anayepimwa kanzu.
Nimewaona watu, mie.
Mwalimu Khatib alipigwa na mwanafunzi wake wa hesabu,
akanyanyua mkono kabla sijafika, anacheka peke yake.
Riziki, muuguzi, alimfikia mtu kwa nyuma, hatua tatu,
asifyatue. Akamwambia "Jitoe,"
kwa sauti ile ya kumwamshia mgonjwa dawa,
na pande zima la mtu likajitoa.

Jumapili ile, kati ya pipa la buluu na mkarafuu uliopinda,
nilisikia *pwa*.
Kinachodunda husema *ta*. Hiki kilipasuka.
Nikaenda. Kumbe Shaame mwenyewe, kachutama,
kifua safi, shati limelowa kidogo tu.
"Jasho," akasema.
Manjano sikuyaona.
Ila shati lilinuka karafuu mbichi,
jani lililofikichwa kwa haraka,
harufu ya mikeka ya utotoni, ya vidole vya mama
tulipokuwa tukichambua mpaka usiku kwa karabai.
Utamfichaje harufu hiyo mtu wa Pemba?
Na chini ya goti lake, jani lenyewe, limejikunja,
lina umanjano kwenye mshipa.

Alinitazama.
Bunduki zake, vidonge vyake, mshahara wangu mfukoni mwake.
Filimbi ilikuwa mdomoni tayari.

Akatoka, bunduki juu ya kichwa, kama ninavyowafundisha wageni.
Bandani, Subira, kitoto cha skuli aliyempiga,
alijisogeza kumpisha, akammiminia ukwaju.
Hakuna aliyesema neno. Maiti hawaongei.

Jioni nilifua mashati yote.
Rangi hutoka kwa maji matupu; harufu ya jani ilikataa,
nikasuuza mara tatu.
Nilipoligeuza la Shaame ili nilianike,
nikakuta mgongoni, chini ya bega, doa jingine,
duara, limeshakauka,
la zamani kuliko lile alilolifuta.

Alikuwa ametoka kitambo. Hakujua.
Nami, mwenye filimbi,
sikumwambia ageuke.