Gramu Mia Mbili na Themanini

Kazi yangu ni kukata kinyunga.
Miaka kumi na tisa, kiwanda cha mikate, zamu ya usiku:
nakata, natupa kwenye mizani, na sindano hunieleza
jambo ambalo kiganja kilishajua.

Kwa hiyo Gantulga aliponipangia kamera tatu mezani,
soko la Naran Tuul, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
sikuuliza megapikseli.
Nilivua glavu nikapima kwa mkono.

(Simu ninayo. Lakini ndani ya simu
anaishi msimamizi wangu.)

Ya kwanza nyeusi, lenzi ndefu kama shingo ya bata bukini.
"Kizuri chajiuza, dada."
Betri yake iko wapi?
Akakuna sikio. Betri yake ni ya peke yake, bapa,
kampuni iliacha kuiunda kabla binti yangu hajaota meno.
Nikairudisha. Sinunui farasi
anayekula majani ya bonde moja tu.

Ya pili nyembamba, nyekundu kama kopo la poda.
Ikawaka, ikatoa lenzi nusu, ikagoma.
"Ni baridi tu."
Hata mimi nasikia baridi, nikamwambia, na nimekuja.

Ya tatu haikujiuza wala haikujitembeza.
Rangi ya sufuria iliyosuguliwa mno,
mfuniko wa betri umeshikwa na mpira wa kufungia noti.
Gramu mia mbili na themanini. Na tano, ukihesabu mpira.
Inakula betri mbili za kawaida: zile za tochi,
zile za saa ya ukutani, zile za redio ya mama.
Tukavutana hadi tugriki arobaini na nane elfu
naye akajifanya ameumia.

Betri za kuchaji sikuzigombea bei.
Nne, mpya, kwa Enkhjin muuza nyaya, aliyeninong'oneza:
"Zenye namba kubwa kupindukia, hizo zinajisifu.
Chukua za namba ya kiasi, zinazotunza chaji kabatini.
Na usichanganye kuukuu na mpya;
dhaifu humchosha mwenzake."
Nikazipaka rangi ya kucha, jozi nyekundu, jozi ya zambarau,
zichoke pamoja, zishibe pamoja.
Ndoa ngapi zingehitaji alama kama hiyo.

Alfajiri, mwisho wa zamu, Tsolmon dereva anapakia mikate.
Nyusi zake zimeota barafu, nyeupe pee,
na kuna kitu kimemchekesha, sijui nini.
Nikabonyeza. Kioo kikafifia. Kikazima.
Jozi nyekundu ilikuwa imeganda.

Ya zambarau nilikuwa nayo kwapani, chini ya sweta mbili,
ina joto la kinyunga kinachoumuka.
Vidole havinisikii. Mpira ukaruka ukapotelea thelujini.
Nikashika mfuniko kwa gumba, nikawasha, nikainua macho:
lori limeshakunja kona.

Palibaki alama za matairi
na mkate mmoja ulioanguka, unafuka mvuke.
Nikaupiga huo.
Umetoka na ukungu kidogo, upande wa kushoto umekatika.

Kesho nitamwomba Tsolmon acheke tena,
na kama hatacheka kwa hiari, nitamwonyesha
jinsi ninavyotembea
na betri nne kwapani.