Ile Tano

Zamu imekwisha saa moja jioni,
lakini Oleta hajavua viatu.
Ameshuka hadi ukumbi wa chini, karibu na mashine za kufulia,
ambako wauguzi kumi na mmoja wamekalia viti vya plastiki
na kahawa inachemka tangu adhuhuri.
Nje, theluji ya Machi imeingiwa na vumbi la makaa,
na milima ya Kentaki imejikunyata.

Saa nne za masomo, ili leseni isife.
Barua haikusema zaidi.

Verlin, mkufunzi, hakuwasha picha ukutani.
"Mtazame jirani yako kifuani," alisema.
"Hesabu pumzi zake dakika nzima. Usimjulishe,
maana anayejua anahesabiwa hupumua kama mwongo."
Ukumbi ukanyamaza. Mashuka yakazunguka ng'ambo ya ukuta.
Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na mbili.
"Zikishuka hadi nane, na haamki ukimwita,
usitafute kalamu.
Mtikise. Piga kelele wenzako waje. Dawa ya puani.
Karatasi itakusubiri. Yeye hatakusubiri."

Za Delmas zilishuka hadi nane,
zikashuka hadi nne,
kwenye kochi la kijani, televisheni ikicheka peke yake,
na mama yao jikoni akimenya viazi
akidhani mwanawe hatimaye amepata usingizi.
Vidonge alianza kupewa kwa ajili ya mgongo, kwa cheti halali,
kutoka kaunta ileile anakonunuliwa mtoto dawa ya kikohozi.

Tangu siku hiyo mkono wa Oleta
huwa mzito mbele ya kabati la dawa.
Hajaiba, hajakosea hesabu,
ila huchelewa.
Huchelewa kwa dakika ishirini, kwa simu ya kupokea, kwa shuka la kukunja,
na hakuna kitabu kinachosainiwa
kwa dawa ambayo haikutolewa.

"Maumivu yako pale mgonjwa anaposema yako," Verlin alisema.
"Ogopa dawa, ndiyo. Iogope kama unavyoogopa moto,
ukiwa na ndoo mkononi.
Usimnyime mtu moto kwenye baridi
kwa sababu nyumba nyingine iliungua."

Hapo Oleta akaona chumba namba tisa.
Mzee Hobert, mchimba makaa, nyonga imevunjika,
mapafu meusi yakipiga mluzi.
Mchana alimuuliza: sifuri hadi kumi?
"Nane," mzee alisema, kisha akatania juu ya supu.
Anayetania hana nane, Oleta aliwaza.
Akaandika tano.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
na ya nyonga, mwenye nyonga.

Saa tano usiku wenzake walipanga foleni ya vyeti.
Oleta alipanda ngazi.

"Tressie, kabla hujaanza mzunguko,
muulize tena mzee wa tisa."
Wakaingia wote wawili.
"Sita," mzee alisema, akitazama dari.
Kisha, polepole: "Tisa. Nilipunguza.
Nikisema kubwa, mnaniangalia kama mwizi."

Oleta alishika ukingo wa kitanda.
"Andika tisa," akamwambia Tressie.
"Na ile tano ya mchana, weka alama kwamba si yake.
Ile tano ilikuwa yangu."

Wakampigia daktari. Dozi ndogo, kwa mapafu yale.
Macho mawili kwenye chupa, saini mbili kitabuni,
tone lililobaki likamwagwa mbele ya shahidi.

Oleta hakuwa tena kazini.
Alivuta kiti, akavua saa ya mkononi,
akailaza juu ya blanketi ambapo mshale ulionekana.
Ngumi ya mzee ikafunguka kidole kimoja kimoja.
Kumi na nane.
Kumi na sita.
Theluji ikagonga kioo, akapoteza hesabu,
akaanza upya.
Moja.