Nyekundu Mbili

Dawa ya mama ni nyekundu.
Sista Haikaeli anaisukuma taratibu kwa sindano,
macho kwenye mshipa,
na mama anahesabu mabati ya Longuo dirishani
mpaka iishe.

Nami nina nyekundu yangu, kwenye chupa ya chai:
bitiruti za Kiboriloni, choya, nusu limau,
na unga wa vidonge alivyotuma shangazi Manka kutoka Dar,
kopo moja elfu tisini,
ubavuni limeandikwa: Hulinda Seli.

Sikuuliza seli zipi.

Daktari Msangi alifungua kifuniko, akanusa.
"Ndekirwa, hii yetu inawasha moto.
Oksijeni inakuwa kali, inauma kila inachogusa.
Seli ya saratani inaungua, inajikagua,
inaona haijengeki tena, inajizima yenyewe.
Kifo hicho ndicho tunachokitafuta.
Hiyo yako ni maji.
Na maji hayaulizi kama huu ni moto wa jiko
au wa nyumba."

Una hakika?
Akakuna kidevu.
"Sina. Wapo walioona hivi, wapo walioona vile.
Mpe mtori, mpe parachichi, chungwa mpe.
Ila makopo, tungoje dozi ya sita ipite."

Wiki nzima nilimchukia kwa lile "sina".

Mimi ni mtoto wa jiko la kuni.
Nimekua nikimwona mama kapiga magoti mafigani,
anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka,
na mtoto akisogea na kikombe cha maji
anafukuzwa kwa mwiko.
Kumbe miezi miwili hii nimesimama nyuma yake,
kikombe mkononi,
nikijiita mwana mwema.

Pafukapo moshi hapakosi moto.
Hata mji wetu unajua, umelibeba jina.

Usiku wa tatu baada ya dozi, midomo imemchubuka,
mto umejaa nywele, hata mate hayamezeki.
Mlima umejifunika, taa ya korido inapepesa.
"Ndekirwa. Kopo la Manka liko wapi?"
Nimelificha, mama.
Akanyamaza mpaka nikadhani kalala.

"Lifiche vizuri," akasema.
"Alfajiri nitalitafuta."