Kumwagilia Chuma

Friji letu lilikuwa linauma.
Tulilizoea, kama unavyozoea mbwa wa jirani:
kabla ya kufungua, vaa ndala,
shika mpini kwa ncha ya kanga,
na mgeni aonywe mapema, kabla hajaomba maji.
Mjomba Masinjisa liliuma mkono wake
siku ya arobaini ya baba.
Akaurudisha nyuma, akasema,
marehemu bado yumo.

Nyumba iko Makole. Baba aliijenga kwa mshahara wa reli,
chumba kwa chumba,
na umeme akauvuta mwenyewe vivyo hivyo:
mtoto akizaliwa, taa moja zaidi.
Tulizaliwa saba.

Nilipoagiza fundi nilitarajia mwanamume.
Akaja Nyemo Chidumizi, binti wa VETA,
ngazi begani,
testa kaichomeka kwenye nywele kama chanuo.
Alisimama ukumbini akavuta pumzi, akanusa.
Kisha akafungua boksi la fyuzi,
akachomoa kitu, akakiweka kiganjani mwangu.
Msumari wa inchi tatu.
"Fyuzi yenu ndiyo hiyo, mama.
Ingekata lini?"

Akapanda darini. Nikasikia magoti yake
yakitambaa juu ya chumba cha wavulana, juu ya changu,
vumbi likidondoka kwenye chai yangu,
na vitu vikaanza kuteremshwa kwenye tundu:
waya wenye ganda lililopukutika kama la karanga,
kiungo kilichofungwa kwa mfuko wa maziwa,
kingine kwa utepe wa kaseti,
kingine kwa kitambaa cheupe chenye maua madogo ya buluu

nikakitambua.
Gauni langu la kipaimara.
Mama aliniapia limeliwa na panya.

Nilikaa chini, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikakishika. Kilikuwa kimeungua ukingoni,
duara moja la kahawia, dogo kama sarafu.
Tulilala chini ya hilo duara miaka yote ile.

Bei aliiandika nyuma ya bahasha.
Nikamwambia, binti, hizi ni pesa za ng'ombe wawili.
Akauliza, ng'ombe wa mwezi gani?
Nikacheka, na kwa kucheka nikawa nimeshindwa.

Siku ya nne akahamia nyuma ya jiko kuchimba.
Ilikuwa Agosti. Sururu ililia
kama imegonga taruma la reli.
Akashindilia fimbo ya shaba, akaizungushia mkaa,
chumvi kilo mbili, maji ndoo tatu,
akasema nyumba hii haijawahi kuwa na waya wa ardhini,
umeme ukipotea njia ulikuwa unapitia kwenu.
"Na ardhi ya Dodoma kavu, haipokei kitu.
Kiangazi, kila wiki, ndoo moja hapa.
Usisahau."

Maji yetu ni ya mgao, Jumanne na Ijumaa.
Mchicha unasubiri, nguo zinasubiri.

Jioni ile alipoondoka niliwasha taa zote saba.
Hakuna iliyokonyeza.
Nikaenda kwenye friji, miguu mitupu, mkono umelowa,
nikashika mpini.
Nikangoja.
Nikashika tena, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.
Baridi tu, na nusu ya kitunguu.

Kile kitambaa sikukitupa. Kimo kwenye Biblia,
kinanuka moshi kidogo.

Ijumaa jirani yangu, Mama Chilewa, kanikuta nyuma ya jiko
nimeinamia kichwa cha chuma kinachochungulia udongoni,
namimina taratibu, ardhi ikinywa kwa sauti.
"Umepanda nini hapo?"
Nikamwambia, waya.
Akatazama ndoo, akatazama mchicha wangu ulivyonyong'onyea.
"Utaota?"
Nikasema sijui, baba hakuwahi kuupanda,
na nikamalizia maji yaliyobaki.