Jaa

Karani amelifuta jina langu mara mbili.
Kwanza aliandika Juma. Nikamwambia siyo.
Akaandika Jaha. Nikamwambia siyo.
"Mzee, jina gani hili la herufi tatu,
na mbili zenyewe zafanana?"

Foleni imefika mlangoni.
Nina fomu, nina kitambulisho,
nina mtoto wa siku tisa kule Langoni,
kilo tatu na robo, kalala kwa mamake.
Sina muda wa kumweleza karani.

Ningekuwa nao ningesema:
kabla yangu walikuwa watatu.
Aboud aliota meno mawili.
Twalib alitambaa hadi kizingitini, homa ikamrudisha.
Wa tatu hakungoja siku ya saba,
hata jina hakulichukua.

Wa nne mimi. Mama hakunivisha hirizi.
Aliniviringa gunia la mchele, alfajiri,
akanipeleka nyuma ya nyumba panapomwagwa majivu,
akanilaza baina ya magamba ya samaki,
punda mmoja akininusa miguu,
akasema kwa sauti, asikie anayepaswa kusikia:

*Kifo pita, zako pita, hapa pana taka tupu,*
*hapana mwana wa kwita, ni makumbi na vikapu.*

Akaondoka bila kugeuka.
(Hapo, alinambia, ndipo miguu ilipotaka kumsaliti.)
Jirani yetu Somoe akapita kama asiyejua kitu,
naye usiku kucha hakulala.
"Mwana wa nani huyu?"
"Si wa mtu. Ni wa jaa."
Akaniokota, akamuuzia mama kwa senti hamsini,
na mpaka anaingia kaburini alishikilia
kwamba aliniuza kwa hasara.

Skuli walinitupia maganda ya machungwa,
eti wanarudisha taka kwao.
Maalim Famau, mtu asiyependa maneno,
alinipandisha juu ya paa la chuo usiku mmoja,
akanyoosha kidole kaskazini, mahali pasipo na kitu.
"Kule ni jaa. Ni nyota.
Nyingine zote zaizunguka, yenyewe haiendi popote.
Hapa Lamu hatuioni, imelala chini ya upeo.
Lakini iko."

Nilidhani ananibembeleza.
Niliiona nina miaka thelathini na moja, Maskati,
nikitengeneza kiyoyozi juu ya nyumba ya tajiri:
kijinyota hafifu, hakina hata majivuno.
Nikakisalimia kwa jina langu,
bisibisi mkononi.

Tangu hapo nimekuwa nikituhesabu.
Kwenye daftari la zamani la chuo tulikuwa saba.
Siyu yuko mzee mmoja, masikio yamemwisha,
ukimwita haitiki.
Makaburini nimesoma wawili.
Juzi nikamuuliza nesi wa wodi ya wazazi.
Miaka kumi na sita ameandika majina,
hili hajapata kuliandika.

Nikahuzunika. Halafu nikaona haya kuhuzunika.
Kwani jina hili halikufa kwa kuchukiwa,
limekosa kazi.
Wanawake wa mtaani kwetu wana kadi za chanjo
zimekunjwa ndani ya buibui,
na wanawaita wana wao majina mazuri,
mchana kweupe, dirishani, kwa kelele,
hawajali nani anapita akisikia.
Mama angewaziba midomo.
Kisha, namjua, angekaa pale pale barazani
awasikilize mpaka magharibi.

"Mzee, watu wanangoja. Jina la mtoto?"
Twalib.
"La baba?"
Namtajia pole pole, herufi moja moja.
Anagonga ya kwanza. Anagonga ya pili.
Anagonga ya tatu, kidole kikabaki hewani.
"Basi? Ndilo lote?"

Ndilo lote, mwanangu.
Limejaa.