Bega la Kushoto

Aliingia dukani kwangu, mtaa wa Hafa, Salalah,
mwezi wa kharifu, ukungu umelala hadi kizingitini,
koti jeupe mikononi kama mtoto mwenye homa.
Luteni-kamanda Pyo Jae-won, wa manowari ya Kikorea
iliyotia nanga kuchukua mafuta na mchele.
Kesho saa tatu anapandishwa cheo.
Kesho! nikalalama kwa Kiarabu,
akacheka kwa Kikorea,
tukaelewana kwa tepu ya kupimia.

Fundi hasomi uso.
Kifua thelathini na tisa. Mkono ishirini na nne na robo.
Bega la kulia halina neno.
La kushoto nililipima mara mbili,
nikidhani ni macho yangu yaliyochakaa:
limeshuka inchi nzima.

Akaona kwamba nimeona.
Akachuchumaa palepale juu ya vipande vya vitambaa,
akainua mzigo usiokuwapo, akautua begani,
akaenda hatua nne amepinda,
akabana pua ili nijue unanukaje.
Dagaa.
Matenga ya mama yake, gatini, huko Tongyeong,
kila alfajiri kabla ya shule. Vidole tisa: miaka tisa.
Kisha kimoja akakiweka mdomoni.

Nami nimezaliwa Ng'ambo, Unguja,
mama yangu akichukuza kuni kwa kichwa,
shingo yake ilikuwa fupi kuliko ya dada zake.
Nikamjibu kwa Kiswahili, kwani siri haitaki mkalimani:
Usijali, baba. Nguo ni sitara.

Nikakata pamba, nikashona kijimto ndani ya bitana,
uzi mweupe juu ya weupe, mshono wa kujificha.
Asubuhi akasimama sitahani, mabega kama rula,
mstari wa dhahabu umeongezeka mmoja,
na hakuna aliyejua ila mimi na sindano.

Meli ikaondoka. Riali moja na nusu hakunilipa.

Miaka ikapita, mwanangu Thuwaini akinisomea kwenye simu:
Mama, mteja wako kapteni sasa.
Mama, admirali.
Mama, kavua magwanda, kawa Waziri wa Bahari na Uvuvi.
Nikasema, mdeni wangu anapanda vizuri.
Mwaka mmoja nikaona picha: chombo cha wavuvi kimezama,
yeye ameinama mbele ya wajane,
ameinama hata chai yangu ikapoa,
na koti jeusi mgongoni halikukunjamana popote.
Nani kamshonea? Nikaona wivu, Mungu anisamehe.

Juzi wakafunga barabara ya bandarini.
Nimekwama upande wa pili, uzi kwapani,
ving'ora, bendera mbili, magari meusi kumi na moja,
mlango ukafunguliwa, akashuka.
Nywele zimekuwa jivu. Suti ya sufu, sufu hasa.
Na bega la kushoto
limeshuka. Inchi nzima, labda na robo.

Fundi gani huyu! nikasema kwa sauti, askari akanigeukia.
Halafu nikamwona huyo fundi wa Seoul
amepima mara mbili, kashakata pamba,
na mteja kamshika mkono: acha.

Upepo ukageuka, ukaleta harufu
ya dagaa walioanikwa ufukweni kwa chakula cha ngamia.
Maofisa wakatoa leso, mmoja baada ya mwingine.
Waziri hakubana pua.

Ile nusu riali ya pamba nimemsamehe.
Ya ushonaji bado ninamdai.