Kamera Haina Pua

Onyesho la kwanza. Nje. Usiku. Kilembe.
Mvua. Lango la mgodi. Mbwa amelala.
Nimeliandika mara kumi na moja
na kila mara mbwa hutoka mzuri kupita kiasi.

Mtayarishaji ananipigia kutoka Kampala:
"Alale juu ya kaburi. Watu wanataka kulia."
Namwambia kaburi halikuwepo.
Mto Nyamwamba ulivunja kingo usiku mmoja
ukamzoa Thembo mlinzi na kibanda chake,
na chupa ya chai, na redio,
ukamwachia mkewe gambuti tu,
kwa kuwa zilitoboka, hakuzivaa usiku ule.
"Basi tulichimbe," anasema.
"Kaburi ni bei rahisi."

Nikapanda basi la Kasese, kisha bodaboda.
Masika alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha.

"Zamu? Alikuwa mwizi wa mayai. Andika hilo.
Alimuuma katekista, tena mara mbili.
Andika na hilo."

Na uaminifu wake, mama?

Akatupa ganda.
"Siku tisa hakula. Kalala hapo mlangoni,
mbavu unazihesabu ukiwa barabarani.
Ya kumi nikavaa gambuti za marehemu, naenda shamba.
Ni tope lililonivalisha, usiandike huzuni.
Akainuka.
Akanusa, akanusa tena,
akanifuata hadi kwenye migomba.
Jioni akaramba sufuria mpaka ikalia.

Tope likakauka. Kiangazi kikaingia.
Mimi na gambuti: sokoni, kisimani, hata kanisani,
mguu wangu mdogo ukiogelea humo,
matambara nimeyashindilia kwenye vidole.
Wanakwaya wakacheka. Shemeji akaitisha kikao.
Miaka minne, mwanangu.
Ningezivua, angejua."

Sikuwa na swali lingine.
Kijito kilikuwa kinapita nyuma ya jiko,
kidogo, cha adabu, kama hakijawahi kukosea mtu.

Usiku, chumba cha wageni, Kasese.
Naandika: *Mbwa ananusa gambuti.*
Nafuta.
Kamera itaona mpira mweusi na kiraka.
Itasikia hatua, kwapu, kwapu, kwenye majani makavu.
Jasho la Thembo italiwekea taa gani?
Naandika: *Mjane anatembea. Jua kali. Gambuti.*
Naliacha hivyo, bila muziki.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza ziko wapi sasa.
Akanyoosha kisu kuelekea ghalani:
ya kulia ilikuwa imelala ubavu, imepasuka;
ndani ya ya kushoto
kuku mwekundu ameatamia, jicho moja wazi,
mayai yake hayaogopi tena mtu.

Onyesho la mwisho. Ndani. Mchana. Ghala.

Simu inaita.
"Nimesoma. Lakini huku mwishoni,
mbwa yuko wapi?"